Karata Isiyomtaja Mtu

Kila nikitoa karata zangu za taroti mezani, lazima mtu aniulize: na mimi nikitaka kuanza, ninunue pakiti gani? Zamani jibu langu lilikuwa moja na la haraka. Nunua ile ambayo picha zake zinakutisha kidogo. Tangu Agosti 2024 nimeacha kujibu hivyo, na sababu yake iko Wenje, kwa bibi yangu, kando ya Mto Tana.

Kabla sijafika huko niweke mambo sawa, maana najua kuna msomaji ameshaanza kukemea mapepo. Mimi si mganga. Sijui utaolewa lini na sijui nani amekuroga. Taroti kwangu ni kitabu cha kurasa 78 ambacho hakijashonwa. Unachanganya kurasa, unatoa tatu au nne, halafu unajaribu kueleza picha hizo, zikikaa pamoja kwa mpangilio huo, zinasema nini mbele ya swali lililoletwa. Ni uhakiki tu. Tofauti yake na darasa la fasihi ni kwamba anayengoja maelezo amekaa mbele yako, macho yamemtoka, na akiinuka hapo anaweza kwenda kufanya kitu. Tofauti hiyo ndiyo niliyokuwa siipi uzito.

Tena taroti si ngeni kwetu kama tunavyodhani. Ilianza kaskazini ya Italia katika karne ya 15 kama mchezo wa kawaida wa karata. Mambo ya kubashiria yalikuja kushika baadaye sana, huko Ufaransa, karne ya 18. Karata 22 kubwa, yaani Mwezi, Kifo, Mnara na wenzake, Waitalia waliziita trionfi, ushindi, kwa sababu zilikuwa zinakula karata nyingine zote. Wareno wakawa na neno lao la ukoo huo, trunfo, na walipokuja pwani yetu wakatuachia. Sisi tukasema turufu. Kwa hiyo mwanasiasa akijigamba kwamba ana karata ya turufu mkononi, anatumia jina la kale la taroti na wala hajui.

Zile 56 ndogo nazo zina makundi manne: vikombe, sarafu, fimbo na mapanga. Kwa Kireno ni copas, ouros, paus, espadas. Sasa yataje kwa Kiswahili cha wazee wa barazani: kopa, uru, pau, shupaza. Sita ya mapanga ni sita ya shupaza. Babu yangu aliyekuwa akicheza karata chini ya mwembe angeitambua kwa jina, hata kama picha ingemshangaza.

Nilipoanza nilitaka pakiti ya kisurealisti, na nadhani vijana wengi wanaonunua taroti leo wanataka hivyo hivyo. Usurealisti ni ile sanaa iliyopewa ilani yake na André Breton jijini Paris mwaka 1924, sanaa inayochora kama tunavyoota: saa inayeyuka kama siagi, mtu ana kichwa cha ndege na hakuna anayeshtuka. Kwa kusoma karata, picha ya aina hiyo inaonekana inafaa kabisa. Haina maana moja. Inakulazimisha useme unachokiona, na unachokiona ndicho kilicho ndani yako. Hiyo ndiyo ilikuwa nadharia yangu.

Pakiti ya kwanza niliyoipata ni ya Salvador Dalí. Rafiki yangu alikuwa anahama nchi, akanipa zawadi, la sivyo bei yake wacha tu. Inasimuliwa kwamba Dalí aliombwa karata hizo kwa ajili ya filamu ya James Bond iliyotoka mwaka 1973, Live and Let Die. Akataka pesa nyingi mno, dili likafa, na filamu ikatumia karata za mchoraji mwingine, Fergus Hall. Dalí akaendelea peke yake. Pakiti ikatoka mwaka 1984, na Taschen wakaichapa upya mwaka 2019.

Ni nzuri, sitadanganya. Anakata watu kutoka kwenye michoro ya kale ya Ulaya, anawabandika, anawamwagia rangi, anawatupia vipepeo. Lakini Mchawi, karata namba moja, ni Dalí mwenyewe. Malkia ni mke wake, Gala. Kumi ya shupaza ni mauaji ya Julius Caesar. Ukikaa nayo wiki mbili unagundua kwamba kabla swali lako halijafika popote, inabidi lipite kwanza mlangoni kwa Dalí lipige hodi. Huyu mtu haoti kwa niaba yako. Anakuonyesha ndoto zake, na yeye yumo ndani yake amekaa katikati.

Kuna karata nyingine za kisurealisti zilizonivutia zaidi kwa kisa chake. Mwaka 1940 kuingia 1941, Breton na wenzake walikuwa wamekwama Marseille wakikimbia Wanazi, wanangoja viza za kutokea Ulaya. Katika kungoja huko wakachora karata. Wakafuta wafalme. Wakafuta kopa na shupaza, wakaweka miali ya moto kwa mapenzi, nyota kwa ndoto, gurudumu kwa mapinduzi na kufuli kwa maarifa. Miongoni mwa wachoraji alikuwemo Wifredo Lam, Mkuba ambaye baba yake alikuwa Mchina na mama yake ana asili ya Afrika. Naipenda roho ya kazi ile: watu hawana pasi wala uhakika wa kesho, wanakaa wanaunda upya mchezo. Ila hata wao, baada ya kufuta wafalme, walijaza nafasi zao kwa watu wenye majina. Freud yumo. Hegel yumo. Pancho Villa yumo.

Ya tatu ni ya Leonora Carrington, Mwingereza aliyeishi Mexico hadi alipofariki mwaka 2011. Alichora turufu 22 katika miaka ya 1950, akatumia dhahabu na fedha, na ulimwengu haukuziona sawasawa mpaka zilipowekwa kwenye maonyesho Mexico City mwaka 2018. Hizo ninazo kwenye simu tu. Nyuso zake zimepauka na hazina haraka, kama za vinyago. Kwangu ndizo bora kuliko zote za kisurealisti, ila zina upungufu mmoja wa kikazi: ni 22 pekee. Zinajua kifo, haki na mwezi. Hazijui mgomba, deni wala mtumbwi, kwa sababu mambo hayo hukaa kwenye karata ndogo.

Basi Agosti ile nikapanda basi Mombasa, nikapita Malindi, Minjila, nikashika barabara ya Hola mpaka Wenje. Kwenye mkoba nilikuwa na Dalí, kwa sababu ndiyo ya kuringia, na chini kabisa nakala ya bei rahisi ya pakiti ya zamani ambayo kila anayeanza taroti huanza nayo, ile ya London ya 1909.

Nyumba ya bibi iko chini, upande wa mto. Maji ya El Niño ya mwishoni mwa 2023 yalifika dirishani. Ya Aprili na Mei 2024 yakarudi na kuondoka na ukuta wa jikoni. Watoto wake wote wanataka ahamie juu, karibu na barabara. Yeye hataki. Miembe yake iko chini. Kaburi la babu liko chini. Hilo ndilo swali nililokwenda nalo: ahame au asihame?

Sikujua kwamba kuna mwingine ana swali lake. Mtoto wa ami yangu, kijana wa umri wangu, alipoteza shamba. Sisemi mazao, shamba lenyewe. Pale kwetu mto unapinda, na mto unaopinda hula ukingo wa nje ya kona na kutema udongo upande wa ndani. Upande wa nje ni wetu. Upande wa ndani ni wa mzee mmoja jirani, mkimya, asiyependa sana mikutano ya watu. Kwa mafuriko mawili mto ulichukua kwetu ukaongeza kwake. Darasani hiyo inaitwa jiografia. Kwa mtu aliyeamka akakuta migomba yake imeenda na maji, halafu anamwona jirani anapanda mahindi kwenye udongo mpya, inaitwa kitu kingine.

Tulikaa uani usiku, taa ya sola imening'inizwa kwenye mlimao. Nikaeleza karata ni nini. Mtoto wa ami akasema yeye ndiye wa kwanza. Nikamwambia auilize moyoni. Akauliza kwa sauti.

“Nani?”

Mimi, kwa ujinga wangu, sikusimamisha. Nilidhani swali likiwa bovu, picha zitalitengeneza, si ndiyo kazi ya usurealisti? Nikachanganya, nikafunua. Karata ya kwanza ikawa Mchawi.

Hapo tena lugha ikanigeuka. Kwenye Kiingereza huyo ni mfanya mazingaombwe, mwenye ujuzi wa mikono. Nilikuwa nimezoea kumwita Mchawi bila kufikiri, kama tunavyomwita mtu mchawi wa hesabu. Uani Wenje, baada ya mafuriko, neno hilo halina mzaha. Na karata ilikuwa na uso. Uso wa mtu aliyeishi kweli, wa mzee, macho yamekodolewa.

Mtoto wa ami akawasha tochi ya simu akainama. “Hebu angalia haya macho,” akasema. Akataja jina.

Nikacheka. Hakuna mwingine aliyecheka. Akapiga picha.

Asubuhi picha ile ilikuwa kwenye grupu la WhatsApp la ukoo, na jina la mzee limeandikwa chini yake. Watu wa Mombasa, Nairobi mpaka Doha wanaweka emoji. Mmoja aliandika kwamba yeye alishashuku siku nyingi. Karata ya Dalí, iliyofikiriwa kwa ajili ya James Bond, ilikuwa imegeuka ushahidi.

Kama unaona nakuza mambo, kumbuka tunaishi wapi. Kwenye kaunti jirani ya Kilifi, wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine na watu wa damu yao, na mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba. Kaya Godoma, kule Ganze, imekuwa kimbilio la wazee waliotishiwa. Tanzania wana neno kwa kazi niliyoifanya usiku ule: ramli chonganishi. Januari 2015 serikali yao ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wa namna hiyo, baada ya mauaji ya watu wenye ualbino. Na Sheria ya Uchawi ya Kenya, ya tangu 1925, haimlengi anayejidai mchawi tu. Kumtuhumu mwenzako uchawi nako ni kosa. Mimi na shahada yangu ya fasihi nilikuwa nimekaa upande ule ule wa sheria.

Bibi hana WhatsApp, lakini habari ilimfikia kabla ya chai. Akamwita mjukuu wake akamwambia neno moja: “Futa.” Akafuta. Halafu akanigeukia mimi. “Na wewe, chukua kichane cha ndizi, umpelekee mzee. Ukae kidogo. Usiweke tu ukakimbia.”

Nikaenda, nikakaa. Mzee alinipokea vizuri, akaniuliza Mombasa kukoje, kama bei ya unga imeshuka. Akanionyesha udongo mpya kwa mkono, akasema mto ni mkopeshaji, ukipenda utakuja kuuchukua. Sijui kama alikuwa ameshaambiwa. Sikuwa na ujasiri wa kumuuliza.

Nilirudi nikafunga Dalí kwenye nailoni. Nadharia yangu ilikuwa imenifia mkononi. Nilikuwa naamini picha ya ndoto haiwezi kumnyooshea mtu kidole, kumbe inategemea. Picha ikiwa na uso wa mtu halisi, hata ukimzungushia vipepeo elfu, mwenye uchungu ataupita urembo wote aende moja kwa moja kwenye uso. Na uso ni rahisi kufananishwa. Ramli ya wazee, kwa ubaya wake wote, angalau ina nukta mchangani, umbo moja kati ya 16. Nukta haina macho. Anayeipa macho ni mpiga ramli. Kwangu macho yalikuwa yamekuja yamechapwa tayari.

Usiku wa mwisho bibi ndiye aliyeniambia nitoe karata. “Mke mwenzangu, si ulikuja na swali langu? Lete. Lakini si zile za mzee wa sharubu.”

Nikatoa ile ya bei rahisi. Picha zake zilichorwa na Pamela Colman Smith kwa maelekezo ya A. E. Waite. Alizaliwa London mwaka 1878, akaishi Jamaika utotoni, na mwaka 1899 alitoa kitabu cha hadithi za Anansi, buibui mjanja aliyevuka bahari na Waafrika waliopelekwa utumwani. Kwa karata zote alilipwa kidogo sana, na pakiti ikaenda sokoni kwa jina la mchapishaji Rider na la Waite. Yeye alifariki mwaka 1951 akiwa na madeni. Pakiti yake ndiyo inayonakiliwa na karibu kila pakiti tunayoiona leo, na watu wapenda mapya tunaidharau kwamba ni ya wanaoanza. Na mimi nilikuwa naidharau.

Bibi akachota karata mwenyewe. Sita ya shupaza.

Kama huijui: mtumbwi uko majini. Mwanamke amejifunika, amekaa na mtoto. Nyuma yao mwanamume amesimama anausukuma. Mbele yao mapanga sita yamesimama wima ndani ya mtumbwi. Wote wametupa mgongo. Huoni uso hata mmoja.

Vitabu vinasema ni karata ya kuhama kwa huzuni. Nikaanza kueleza hivyo. Bibi akaninyamazisha kwa mkono.

“Sogeza taa. Huyu ameshika pondo?”

“Ndiyo, bibi.”

“Basi maji ni mafupi. Maji yakiwa marefu pondo halifiki chini, angeshika kafi. Hawa hawaendi mbali.” Akaangalia tena. “Na haya mapanga yametoboa mtumbwi?”

Nikamwambia inaonekana hivyo.

“Asithubutu kuyang'oa sasa. Wafike kwanza.”

Nimesoma taroti kwa miaka minne, na maelezo mengi ya karata hii yamepita mbele yangu. Hakuna hata moja lililokuwa limeniambia kuhusu kina cha maji. Lakini liko pale, kwenye mchoro, tangu 1909: mtu anayesukuma kwa pondo anavuka mahali pafupi. Uhakiki mzuri ni huo, unaoona kilichochorwa kwa sababu anayeangalia anakijua kitu chenyewe. Ndipo nikaona pia kwamba mtumbwi uliochomwa mapanga sita na bado unaelea ni ndoto kamili, miaka 15 kabla ya ilani ya Breton, na umechorwa na mtu aliyelipwa vijisenti.

Kwa hiyo ukiniuliza leo ununue pakiti gani, nitakujibu hivi. Nunua yenye karata ndogo zilizochorwa picha kamili, siyo alama za kuhesabu tu, kwa sababu maswali mengi tuliyonayo ni madogo na ya nyumbani. Ifungue dukani, au angalia picha zake mtandaoni kabla hujalipa, uhesabu nyuso. Za watu halisi ni ngapi? Za mchoraji mwenyewe je? Halafu jaribu kuiuliza lile swali baya, “Nani?”, na uone kama inakimbilia kujibu. Ikikimbilia, iache hapo hapo. Ya Carrington ingelikwepa. Ya Smith inalikwepa sehemu nyingi, ingawa nayo ina Mchawi wake, na siku hizi karata hiyo naiita Fundi. Ya Dalí iweke kabatini, uifungue ukiwa peke yako.

Na ukiwa msomaji wa karata, swali baya likija, usifanye kama mimi. Usichanganye.

Bibi hajahama. Amekubali mbegu, kuku na sanduku la hati vipelekwe juu kwa mwanawe. Yeye bado analala chini, na mvua ikianza analala juu. Mtoto wa ami alipata kibarua Hola. Mzee bado analima upande wake wa kona. Nimeondoka kwenye lile grupu, lakini kabla sijatoka niliandika kwamba ile picha ilikuwa ya Mhispania, kosa lilikuwa langu, na mzee sisi tumemsingizia. Watu wawili waliweka dole gumba. Wengine wote walisoma wakanyamaza.